Neno "School" na Maana Zake

Katika maneno ya Kiingereza tunayoyafundisha, liko moja ambalo watoto hudhani wamekwisha kulijua, nalo ni "school". Huambiwa siku ya kwanza kwamba maana yake ni shule, wakaridhika. Lakini neno hili lina mambo mengi, na yafaa tuyatazame.

Kwanza, njia lililopitia. Waingereza na Wajerumani walilipata katika Kilatini, na Walatini walilipata kwa Wayunani. Huku kwetu wamisioni Wajerumani, wa Moravian na wa Berlin, walifika mwaka 1891, na nchi yote ya bara ilikuwa chini ya Wajerumani hata Vita Kuu ya kwanza. Ndiyo sababu twasema "shule". Zanzibar ilikuwa katika himaya ya Waingereza tangu 1890, nao husema "skuli".

Pili, matumizi yake. Mtoto "goes to school", pasipo kineno "the", kwa kuwa aenda kusoma. Baba yake akienda kuonana na mwalimu, "goes to the school", kwa kuwa aenda mahali penye shule tu. Kineno ni kidogo, tofauti ni kubwa. Tena, "public school" huko Marekani ni shule ya serikali, isiyo na ada. Huko Uingereza jina hilo hupewa shule za kale za kulipia, kama Eton, iliyoanzishwa mwaka 1440.

Tatu, wavuvi wa Matema wawajua usipa, jinsi waendavyo ziwani kwa makundi makubwa. Kundi kama hilo Waingereza huliita pia "school". Mwanafunzi asidhani kwamba samaki nao wana mwalimu! Hilo ni neno jingine, lililotoka kwa Waholanzi, na maana yake ni kundi. Yamefanana kwa maandiko na matamshi tu.

Sasa turudi kwa Wayunani. Kwao asili ya neno hili si jengo, wala kitabu, wala mwalimu. Maana yake ya kwanza ilikuwa nafasi, yaani wakati ambao mtu hashikwi na kazi. Kwa kuwa mwenye nafasi aliweza kukaa na kujifunza, mafunzo nayo yakaitwa kwa jina hilo, na mwisho mahali pa kufundishia.

Maana hii yatuhusu sana sisi watu wa Kyela. Mpunga uanzapo kukomaa, ndege hushuka mashambani, na madawati mengine huwa matupu. Haja ya mzazi twaijua, kwa maana mpunga ndio chakula, na ndio fedha. Lakini mtoto aliyekosa majuma matatu hurudi akiwakuta wenzake mbali, naye huona haya kuuliza. Wengine hawarudi kabisa. Mwaka 2016 serikali iliondoa ada katika shule zake, tangu za msingi hata kidato cha nne. Ada yaweza kuondolewa kwa waraka, bali nafasi hutolewa na mzazi nyumbani mwake.

Basi, ndugu wazazi, watu wazima na wapokezane shambani saa za masomo, na mtoto alinde jioni akitoka shuleni. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Mpunga hupandwa tena mwakani, lakini utoto haupandwi mara ya pili.