Supu ya Mayai Si ya Wagonjwa

Hapa Kajiado ukitaja supu, watu wanafikiria mbuzi. Mimi tangu niache chuo kwa kukosa karo, keja yangu Kitengela imezoea supu ya mayai. Kaanga kitunguu na nyanya, ongeza vikombe 2 vya maji, chumvi na tangawizi. Piga mayai 2 kwa kikombe. Supu ikichemka, yamimine polepole ukikoroga. Yatashika kama nyuzi. Malizia na dania. Dakika 10, gesi kidogo, protini kama gramu 12.

Wasee, kusaka pesa si sababu ya kulala na strungi. Mwili ndio mtaji wetu wa kwanza. Mathe hupiga simu jioni: "Umekula?" Nikisema ndiyo, nataka iwe ndiyo.