Nani Atakaa Nawe Siku ya Uchungu?

Mama mwenzangu, mimba ikifika miezi saba wengi wetu tumekwisha kutayarisha kanga, nguo za mtoto, beseni na pesa kidogo za gari. Jambo moja huachwa mpaka uchungu uanze: ni nani atakayekaa nawe? Ndipo anakuja yeyote aliye karibu, au yule ambaye ukoo unaona ni haki yake.

Mimi ni muuguzi hapa Kintinku, na siku za mapumziko huwatembelea akina mama wajawazito wa kanisa letu. Nimewahudumia wazazi wengi, tena si hapa tu. Yule anayeushika mkono wa mzazi aweza kumtia nguvu, na aweza kumvunja moyo kabisa.

Mama mmoja simsahau. Uchungu wake ulikawia. Aliyemsindikiza alikuwa mama mkwe wake, mtu wa heshima na mchapa kazi, lakini aliamini kama wazee wengi kwamba uchungu mrefu ni dalili ya mke aliyetoka nje ya ndoa. Kila nilipogeuka alikuwa akimnong'oneza, "Mtaje, mwanangu, mtaje mtoto atoke." Maskini, hakuwa na wa kumtaja. Alilia, akakataa hata maji. Nilimwomba mama mkwe akapumzike nje, nikamwita jirani yao aliyekuwa amekaa chini ya mti tangu alfajiri. Jirani hakusema mengi. Alimsugua kiuno, akamnywesha chai ya sukari kidogo kidogo, akamtembeza. Kumbe mtoto alilala vibaya, kisogo kikielekea mgongoni mwa mama. Alizaliwa usiku, mzima. Lakini neno lile lilifika nyumbani na mume akalisikia. Ilipita miezi mingi kabla ndoa ile haijatulia.

Ndiyo maana nasema mchague mwenyewe, tena mapema. Huko Ulaya na Marekani wapo wanawake wanaofanya kazi hii kwa malipo, nao huitwa doula. Sisi tuna shangazi, dada, jirani na mama wa kwaya. Mwaka 2017 wataalamu walikusanya majaribio 26 kutoka nchi 17, yenye wanawake zaidi ya 15,000. Waliokuwa na mtu wa kukaa nao muda wote walielekea kuwa na uchungu mfupi kidogo, na wachache zaidi walipasuliwa. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilishauri kila mzazi awe na msindikizaji anayemtaka yeye. Kwetu Tanzania jambo hili lilijaribiwa katika vituo vya serikali mkoani Kigoma kuanzia mwaka 2016.

Sasa, ni mtu wa namna gani? Mimi hutazama kwanza ulimi wake. Kama habari za uzazi wa fulani ulizipata kwake kisimani, basi na zako zitafika kisimani. Tena awe mtulivu. Wapo wanaompenda mgonjwa mno hata wakalia kuliko yeye. Hao wasubiri nje. Si lazima awe amezaa, ingawa husaidia. Asiwe na mtoto mchanga wa kunyonyesha, wala asikae mahali ambapo mvua ikinyesha hafikiki.

Na hili mwulize waziwazi: ataleta dawa ya kienyeji ya kuongeza uchungu? Nimewakuta nayo ndani ya chupa ya uji. Dawa hizo zaweza kuubana mji wa mimba kwa nguvu hata ukapasuka, na mtoto akakosa hewa. Anayesitasita kujibu, mwache.

Baba je? Akiwa mpole na wewe wamtaka, ni vema sana. Ila uliza kwanza kliniki, maana wodi nyingine hazina mapazia na wazazi wengine wamelala humo humo. Siku hiyo ya kliniki nenda na msindikizaji wako amwone muuguzi. Mwonyeshe kadi inapowekwa, mwambie gari ni la nani. Azijue dalili za hatari: kutoka damu, degedege, kuumwa kichwa sana, homa, mtoto kuacha kucheza. Akiziona asingoje uchungu.

Najua utaniuliza, mama mkwe nitamwambiaje? Usimwambie wewe. Mumeo ndiye aongee na mama yake, kwa adabu, wiki kadhaa kabla, tena amkabidhi kazi yenye heshima: kuwalea watoto wakubwa, na kuwapokea wewe na mtoto mtakaporudi nyumbani. Nimeona wengi wakilikubali hilo kwa furaha, hata kuku wa supu wakamtenga mapema. Mwenye kinyongo hupoa akishampakata mjukuu. Chagua na mtu wa pili, kwa sababu uchungu huanza siku ile wa kwanza yuko msibani Manyoni.