Herufi Tano za Moshi

Wanachuo wenzangu huniuliza: wewe mtu wa ualimu, Hisabati na Kompyuta, unahangaika na lugha ya C usiku wa manane ya nini, wakati wenzako wanapiga madesa ya UE? Swali la haki. Jibu langu yeyote mwenye laptop anaweza kulijaribu.

Python ni lugha inayokulea. Kumbukumbu ya kompyuta inaitunza yenyewe, na usichokihitaji tena inakiondoa. C, aliyoiunda Dennis Ritchie miaka ya 1970, haibebi mtu. Baiti unazishika mwenyewe. Ila maktaba nyingi zenye kasi zimeandikwa kwa C. Ndiyo maana tangu toleo la 2.5, mwaka 2006, Python inakuja na ctypes, mkalimani wa kuita funksheni za C moja kwa moja.

Chukua strlen, funksheni inayohesabu urefu wa neno. Ukiwa kwenye Linux, ipe b"Moshi", yaani neno likiwa baiti: inajibu 5. Ondoa hiyo b, lipeleke kama maandishi ya kawaida ya Python: inajibu 1. Skrini haioneshi kosa lolote. Programu inaendelea kama vile mambo ni poa.

Sababu ni kwamba ctypes hupeleka maandishi ya kawaida kwa herufi pana, kila moja baiti nne. M inajaza baiti moja, tatu zinazofuata ni sifuri. Na strlen inajua jambo moja tu: hesabu mpaka ukute sifuri, uache. Haikudanganya. Ililetewa neno kwa mpangilio isioujua. Dawa ni kutangaza mapema, kwa argtypes, kwamba unapokea baiti. Hapo ukipeleka kingine, ctypes inakataa palepale.

Nikiwa fildi nilifundisha Form One. Wametoka miaka saba ya Kiswahili, sasa hesabu ni kwa Kiingereza. Ukiuliza kama wameelewa, darasa zima: "Yes, sir!" Hakuna kosa kwenye skrini. Ukifungua madaftari ndipo unaikuta ile 1.

Basi nikaacha kuuliza hivyo. Kila mada naandika kwanza ubaoni maneno sita kwa lugha zote mbili, kisha nawaomba waniambie kwa Kiswahili swali linataka nini. Binti mmoja wa nyuma, kimya wiki mbili, alipojua kwamba "remainder" ni kinachobaki, alimaliza maswali yote kabla ya kengele.

Mwalimu mmoja mwenyeji akaniambia, "Kijana, unawadekeza. Mtihani hautakuja na Kiswahili." Kweli, hautakuja. Lakini huo wa Kidato cha Nne uko mbali, na binti yule alihitaji kuelewa siku ile.

Wewe unayekwenda fildi mwaka huu, beba chaki za ziada.