Kumtembelea Bibi Machame

Jumamosi moja, akina mama watano wa kanisa letu mjini Moshi tulipanda basi hadi njia panda ya Machame, kisha tukaanza kupandisha mlima. Joto lilibaki chini. Vihamba vikafuatana: migomba juu, kahawa chini yake, masale mipakani, na mifereji ya wazee wa zamani ikiteremsha maji ya Kilimanjaro. Mpenzi msomaji, kwa mgeni ni bustani. Kwa mwenye ugonjwa wa Parkinson, kila mzizi na kila kijia chembamba ni shida.

Tulikwenda kumwona bibi mmoja mjane aliyeacha kuja ibadani. Majirani walisema ni mbege. Wengine walisema karogwa. Mkwewe, aliyechoka (na nani asingechoka?), alituambia ni ukaidi: "Nikimwita kula anasimama mlangoni kama kisiki, lakini juzi kauvuka mfereji peke yake!"

Baada ya shikamoo na chai tulijionea. Bibi aliinuka, akaja kwa hatua fupi za kuburura, mkono mmoja haupungi kabisa. Alipofika kizingitini, miguu ikanata. Nasi, pamoja na uuguzi wetu, tukafanya kosa: tukamvuta mkono. Kiwiliwili kilikuja, miguu ikabaki. Tulimdaka hatua moja tu kutoka kwenye mafiga.

Si ukaidi. Chembe hai za ubongo zinazotengeneza dopamini hupungua, na mwendo ambao sisi hatuufikirii hukatika, hasa mlangoni, kwenye kona na mahali pembamba. Ila jicho likipata kitu cha kuvuka, mara nyingi mguu hufunguka. Ndiyo maana mfereji ulimshinda kizingiti! James Parkinson, daktari wa London, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1817. Hata hivyo, watafiti walipopita nyumba kwa nyumba hapa wilayani Hai katika miaka ya 2000, walikuta wagonjwa 33 katika watu 161,000 hivi, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini.

Tuliomba chokaa. Tukachora mistari ukumbini hadi mlangoni, hatua moja baina ya mstari na mstari, tukaondoa mkeka na vigoda. Mkwe akahesabu, "Moja, mbili," bila kumshika. Bibi akasimama, akaangalia mstari, akavuka. Kugeuka tulimfundisha azunguke kwa duara pana, asijipinde papo hapo. Kuhusu dawa, tulipanga apelekwe hospitali. Levodopa husaidia wengi, lakini humezwa kwa saa zake wala haiachwi ghafla.

Mkwe alitoka nje kimya. Alirudi na jani la sale, lile ambalo Wachagga huombea msamaha, akampa mama mkwe kwa mikono miwili. Bibi alilipokea, likatetemeka pamoja na vidole vyake, akamwambia chai ya wageni imepoa.