Jezi Moja, Nasaba Mbili

Miongoni mwa alama ambazo taifa hujitambulisha kwazo, yaani bendera, wimbo, lugha na ngao, zama zetu zimeongeza moja ambayo waasisi hawakuiandika popote: jezi ya timu ya taifa ya kandanda. Mtu aweza kukaa na pasi yake sandukuni miaka 20 bila jirani kujua rangi yake. Lakini akivaa jezi ya taifa kwa dakika chache, umma mzima humhesabu kuwa amekula yamini. Kwa sababu hiyo, kanuni zinazoeleza nani aweza kuhama kutoka timu ya nchi moja kwenda ya nchi nyingine si jambo la wapenda michezo peke yao. Zimo ndani ya swali kongwe la utamaduni: nani ni wetu, na kwa ushahidi gani?

Hapo kale swali hilo halikuwa na masharti mengi. Luis Monti alicheza fainali ya Kombe la Dunia ya mwaka 1930 akiwa na Argentina, na ya mwaka 1934 akiwa na Italia. Ferenc Puskás, aliyecheza fainali ya mwaka 1954 akiwa na Hungaria, alionekana mwaka 1962 katika jezi ya Hispania. Katika mashindano hayohayo José Altafini alikuwa upande wa Italia, ilhali miaka 4 nyuma alikuwa bingwa pamoja na Brazili. Mtu angeweza kuuliza kwa haki: haya ni mashindano ya mataifa, au ni mnada? Baadaye shirikisho la kandanda la dunia, FIFA, likaufunga mlango.

Lakini mlango uliofungwa ili kulinda mataifa uliwabana watoto, maana dunia ilikwisha jaa vijana waliozaliwa ugenini kwa wazazi waliohama. Mwaka 2004 ukafunguliwa kidogo kwa waliochezea timu za vijana tu, nao hawajatimiza miaka 21. Ndipo Frédéric Kanouté, mzaliwa wa Ufaransa, akaichezea Mali. Mwaka 2009 kikomo hicho cha umri kikaondolewa. Hata hivyo aliyegusa mechi moja ya mashindano kwa timu ya wakubwa alibaki amefungwa. Munir El Haddadi, mzaliwa wa Hispania mwenye asili ya Moroko, aliingizwa uwanjani Septemba 2014 dhidi ya Masedonia, akaichezea Hispania kiasi cha robo saa akiwa na umri wa miaka 19. Alipoomba kuichezea Moroko mwaka 2018, Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ilimkatalia. Robo saa ya ujana ilikuwa imeandika maisha yake.

Septemba 2020 FIFA ikalegeza fundo, na mwaka uliofuata Munir akaivaa jezi ya Moroko. Sisi wa pwani tukizisoma kanuni hizo mpya hatuoni ugeni mkubwa, kwani ndani yake mna talaka na mna eda. Mchezaji aweza kuhama mara moja tu maishani, iwapo hakuzidisha mechi 3 kwa timu ya wakubwa, zote kabla ya kutimiza miaka 21. Iwapo hakucheza katika fainali za Kombe la Dunia wala za bara. Na iwapo imepita miaka 3 tangu mechi ya mwisho. Hiyo miaka 3 ndiyo eda. Naye ambaye hakuzaliwa katika nchi, wala hana mzazi, babu au bibi aliyezaliwa huko, bali amehamia ukubwani na kupewa uraia, hutakiwa kwanza awe ameishi humo miaka 5. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. FIFA husema alime miaka 5 ndipo ahesabiwe mwenyeji. Wachezaji 3 wa kigeni wa klabu ya Singida Black Stars walipopewa uraia wa Tanzania Januari 2025, mjadala ulikuwa mkubwa, lakini wengi walisahau kwamba uraia hutolewa na dola, na ruhusa ya jezi ina mizani yake.

Sisi watu wa Tanga tulilionja jambo hili tarehe 16 Juni 2018, Yussuf Poulsen alipoifungia Denmark bao pekee dhidi ya Peru katika Kombe la Dunia. Baba yake alikuwa mtu wa Tanga, akafariki mwanawe akiwa mdogo. Na mgongoni mwa jezi kijana aliandika Yurary, jina alilolirithi kwa babaye. Mzee mmoja wa barazani kwetu akasema: “Miguu kawapa wao, jina kampa babaye.” Jirani zetu Wakenya waliyaona hayohayo mwaka 2014, Divock Origi, mwana wa Mike Okoth aliyeichezea Kenya, alipoifungia Ubelgiji.

Nyumbani kwetu pia jambo hili limebisha hodi. Dada yangu anaishi Ulaya, na mwanawe wa miaka 17 huitwa katika timu ya vijana ya nchi aliyozaliwa. Baada ya shikamoo na marahaba aliniuliza kwa simu: “Mjomba, nikiwachezea wakubwa wa huku, nyumbani nitaitwa msaliti?” Bibi yake, aliyekuwa kando yangu, alijibu upesi: “Mwacha asili ni mtumwa.”

Mimi ni mtumishi wa serikali, nikaanza na karatasi. Sheria yetu haimruhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili. Mtoto akifikia miaka 18 hutakiwa kuchagua. Nayo kanuni ya 2020 ina sharti lisilosemwa sana: anayetaka kuhama awe alikwisha kuwa raia wa nchi anayoiendea siku alipocheza mechi yake ya kwanza ya mashindano kwa nchi ya awali. Mtoto wa Mkenya, ambaye Katiba ya mwaka 2010 inamruhusu kuwa na pasi mbili, aweza kujaribu kule kisha akarudi. Mpwa wangu akichagua pasi ya huko, kisha akacheza dakika 1 ya mashindano na wakubwa, mlango wa Taifa Stars umefungwa nyuma yake.

Nikamwambia: “Mjomba wangu, msaliti ni aliyepewa amana akaiuza. Wewe bado hujapewa. Zihesabu karatasi zako kabla ya kuyahesabu mabao, kisha uchague ukijua unachokiacha.” Bibi yake hakuridhika, nami sikubishana naye, lakini naamini asili anayoisema haikai katika jezi. Kijana yule aliuliza swali lake kwa Kiswahili fasaha, kwa sababu mama yake hakukubali lugha nyingine mezani pake. Hiyo ndiyo asili, na hakuna kanuni iwezayo kumvua.

Uraia mmoja una hoja zake, na wenye kauli juu ya sheria ni Bunge. Lililo letu sote ni kuwajua watoto hawa mapema. Taifa linalomkumbuka mwanawe siku ile tu anapofunga bao ni kama ukoo uliokosekana jandoni ukajaa karamuni. Kanuni za FIFA huhesabu mechi, miaka na mababu, mapenzi haziyahesabu. Kumfanya mtoto wa ugenini atamani kurudi ni kazi yetu, nayo ina muda wake: tuifanye kabla hajatimiza miaka 18.