Kompyuta ya Nesi, Sehemu ya 3: RAM

Jamani, mlioniuliza inboksi kuhusu RAM, leo nawajibu. Bajeti mnaijua, mshahara wa diploma. Nilichukua prosesa ya Ryzen 5 5600G, kadi ya picha sikununua, kwa hiyo picha zinakula RAM hiyohiyo. Ndiyo maana sikutaka kipande kimoja cha GB 16, nikachukua viwili vya GB 8, DDR4 3200. Muuzaji mmoja aliniambia ni yaleyale. Siyo! Kimoja kinapitisha data njia moja, viwili njia mbili.

Mzigo ulipofika Singida kwa basi, nawasha, inasoma 2666. Usidhani umepigwa. Ingia BIOS, washa XMP, inapanda 3200.

Tamaa ikanishika, nikaisukuma 3600. Iliwaka vizuri tu. Usiku wa pili faili la kazi yangu ya chuo likagoma kufunguka, wiki tatu za kuandika baada ya zamu! RAM ikikosea haipigi kelele, inaharibu kimyakimya. Ukiongeza hatua moja, acha MemTest86 izunguke usiku kucha. Ni kama dripu, unaongeza kidogo unamwangalia mgonjwa. Ikitokea kosa hata moja, shusha.

Mimi nimerudi 3200. Kazi naiandika upya, niko ukurasa wa nne.