Bega la Kulia

Jumanne, 16 Januari 2024
Nimelala kitini tena. Kitandani bega linawaka moto. Hapa angalau nasinzia mpaka jogoo wa kwanza. Matundu ya upasuaji ni madogo, plasta tu zimeyafunika. Kazi iko ndani. Daktari alipitisha kamera tundu moja, vyombo matundu mengine, akapigilia vinanga kwenye kichwa cha mfupa wa mkono na kuifungia hapo kano ya juu iliyochanika. Wavu ukishonwa leo, kesho unaingia ziwani. Kano sivyo: uzi unaishikilia tu hadi mwili wenyewe uigandishe kwenye mfupa, na hiyo ni shughuli ya miezi.

Kuvaa shati: mkono mgonjwa unatangulia. Kuvua: unakuwa wa mwisho.

Alhamisi, 29 Februari
Slingi imetoka. Kwa wiki sita ruhusa ilikuwa kuinama, mkono mzima umeshika meza, mgonjwa ukining'inia na kubembea taratibu. Umekonda, msuli umelala. Boti za mbuta zilipoingia asubuhi kijana mmoja akaniita, "Jaduong', njoo ushike kamba!" Mke wangu alimjibu kabla yangu. Maneno yake sitayaandika.

Maumivu yamepungua, na hapo ndipo penye mtego. Daktari wa mazoezi anasema kano nyingi zinazoachia tena huachia ndani ya miezi sita ya kwanza, wakati mtu anajiona amepona.

Jumatano, 17 Aprili
Uvuvi wa omena umefungwa tangu tarehe 1 hadi mwisho wa Julai, kwa hiyo hata wazima wamekaa ufuoni wakicheza ajua na kunitazama. Nimefunga kipande cha tyubu ya baiskeli kwenye nguzo ya banda. Kiwiko nakibana ubavuni, navuta nje, narudisha pole. Jakom, mwenyekiti wa ufuo, ameuliza kama navua hewa. Na yeye bega lake linamsumbua usiku, nimemwona akilikanda. Kazi ya kuvuta nyavu haimwachi mtu hivi hivi.

Jumapili, 21 Julai
Binti yangu muuguzi amenisimulia habari za Ernest Codman, daktari wa Boston aliyeshona kano ya namna hii mwaka 1909. Alishikilia kwamba kila hospitali imfuatilie kila mgonjwa mpaka ijulikane kama matibabu yalimfaa, na kama hayakumfaa, kwa nini. Wenzake hawakumpenda kwa hilo. Mwaka 1914 aliiacha Massachusetts General Hospital. Nilifundisha Biolojia miaka mingi na jina hilo sikuwahi kulisikia. Tangu leo daftari hili ndilo litakalonifuatilia mimi.

Alhamisi, 3 Oktoba
Bima ya afya ya NHIF imezikwa Jumanne, sasa ni SHA. Nimejisajili kwa simu, *147#. Mkono: nachana nywele, naanika nguo. Kasia bado.

Jumatatu, 20 Januari 2025
Mwaka umepita, na hospitali iliyonipasua haijapiga simu hata ya salamu. Nimelipia ultrasaundi mwenyewe, mahali pengine. Kano imeshika, ila ukingo wa mbele umeachia kidogo.

Nilivunjika moyo mpaka binti aliponisomea utafiti wa St. Louis, Marekani, wa mwaka 2004. Wagonjwa 18 wenye michaniko mikubwa walishonwa kwa matundu. Kano za 17 zilikutwa zimechanika tena, na bado wengi wao mwaka ulipotimia walikuwa na nafuu kubwa. Mwaka wa pili nafuu hiyo ilipungua kiasi. Norway nako walifuatilia watu 103 wenye michaniko midogo na ya kati kwa miaka 10: walioshonwa waliwapita waliotibiwa kwa mazoezi peke yake. Kwa hiyo picha ya kano haitoshi, wala maneno ya mgonjwa aliyefurahi mwezi wa sita hayatoshi. Matokeo ya miaka ndiyo ya kuaminika, na hapa Dunga, ufuoni kwetu, hakuna anayeyaandika. Mchaniko wangu ulikuwa wa kati. Nitajihesabu na wale wa Norway.

Hali yenyewe ni hii. Nalalia upande wa kulia bila kuamka. Ndoo ya lita 20 naibeba, lakini kuitua kutoka rafu ya juu siwezi. Wavu anavuta kijana wangu. Mimi nashika injini kwa mkono wa kushoto. Ijumaa nampelekea daktari aliyenipasua nakala ya kurasa hizi, aziweke kwenye faili langu.